Gemu za Zamani: Somo Tulilolicheza Bila Kujua

Wanachuo wenzangu, ukitaja gemu hapa chuoni mawazo ya wengi yanakimbilia mpira wa usiku kule hosteli: kelele za magoli, na aliyefungwa anasingizia pedi mbovu. Leo nataka tuongee kuhusu gemu za aina nyingine, zile za mashine za miaka ya 1980 na 1990, zenye picha za vijisanduku na muziki wa milio ya pi-pi-pi. Kwangu hii ni hobi. Niko mwaka wa tatu, nasoma kompyuta, na kwa miaka miwili sasa Jumamosi zangu nyingi zinaishia mezani nikiwa na bisibisi, pamba na mashine iliyotengenezwa kabla sijazaliwa.

Sijaandika haya ili kuwasimulia raha zangu tu. Nina hoja mbili. Ya kwanza, mashine hizi ni maabara ya bei poa kwa yeyote anayesoma kompyuta, umeme au hata historia. Ya pili, historia ya gemu katika nchi yetu inapotea mbele ya macho yetu, na sisi tuliozaliwa mwishoni mwa zama zile ndio tunaoweza bado kuidaka. Nitaanza na historia yenyewe, kisha tuingie ndani ya mashine, halafu niseme jinsi ya kuanza bila kumaliza bumu.

"Zamani" ya nani?

Ukisoma vitabu vya wenzetu wa Ulaya na Marekani, zama za gemu zina tarehe zake. Mwaka 1982 Uingereza ilipata ZX Spectrum ya Clive Sinclair, ikiuzwa pauni 125 kwa ile yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16. Mwaka huohuo Marekani ilitoka Commodore 64, kilobaiti 64 kwa dola 595. Tarehe 15 Julai 1983 kampuni ya Nintendo ikatoa Famicom huko Japani, na mwaka 1985 mashine hiyo ikaingia Marekani kwa jina la NES. Mtu wa London mwenye miaka hamsini leo akisema "gemu za utotoni" anazungumzia vitu hivyo.

Sisi je? Hapa hadithi ni nyingine kabisa, na inaanzia kwenye siasa. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mradi wa kompyuta za Hazina kula fedha nyingi na kuleta matatizo. Televisheni nayo ilichelewa. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Kenya ilikuwa na kituo tangu 1962, lakini Tanzania Bara ilisubiri mpaka 1994 kupata vituo vyake. Sasa fikiria: gemu za nyumbani zinahitaji kompyuta au televisheni. Bara, kwa watu wa kawaida, vyote viwili havikuwepo. Ndiyo maana hutampata mjomba wako wa Dodoma akikumbuka Commodore 64.

Kwa hiyo gemu zilipofika kwetu kwa wingi, katika miaka ya 1990 na 2000, zilikuja kwa mlango wa nyuma. Hazikuja na nembo ya Nintendo. Zilikuja mashine zilizonakiliwa Mashariki ya Mbali, zenye umbo la kila aina na kaseti (ndivyo tulivyoziita zile katriji za plastiki) zilizoandikwa kwamba zina gemu 9,999 au laki moja kabisa. Mtaani kwetu tuliita tu "TV gemu". Ukifungua orodha, zile gemu za kweli zilikuwa chache, nyingine zote ni zilezile zimebadilishwa jina au hatua ya kuanzia. Lakini zilikuwemo Contra, Duck Hunt, Circus Charlie, Road Fighter, Ice Climber na ile ya vifaru, Battle City, iliyotolewa na Namco mwaka 1985.

Hili halikutupata sisi peke yetu. Urusi walikuwa na nakala yao iliyoitwa Dendy, iliyoanza kuuzwa Desemba 1992, na watoto wengi wa huko wala hawakujua kwamba kuna kitu kinaitwa Famicom. Yaani kuna nusu nzima ya dunia iliyoijua kazi ya Nintendo kupitia mashine za kunakili. Ukiingia kwenye hobi hii, usione haya kwa kuwa mashine yako si "orijino". Hiyo ndiyo historia yako halisi.

Baadaye ikaja PlayStation, na pamoja nayo vibanda vya gemu. Hapo ndipo wengi wetu tulipokutana na mpira wa Winning Eleven. Na hapo ndipo tulipoona ule uganga wa kugeuza mashine juu chini ili isome sidii. Haukuwa uganga. Katika PlayStation za mwanzo, lenzi inayosoma sidii ilitembea kwenye reli za plastiki. Plastiki ikilika kwa joto na matumizi, lenzi inainama kidogo na kukosa shabaha. Ukiipindua mashine, uzito unairudisha karibu na mahali pake. Mwenye kibanda aliyegundua hivyo kwa kujaribu alikuwa anafanya fizikia, ila hakuna aliyempa cheti.

Mario ndani ya kilobaiti 40

Sasa tuingie darasani. Chukua Super Mario Bros. ya mwaka 1985. Gemu nzima, hatua zote 32, muziki, maadui na picha, ina ukubwa wa kilobaiti 40. Piga picha moja kwa simu yako: mara nyingi inafika megabaiti 2 au zaidi. Yaani picha moja ya ugali wako wa kantini inatosha kubeba Mario hamsini. Waliwezaje?

Prosesa ya NES ni ya ukoo wa 6502, chipu iliyotolewa mwaka 1975 na kuuzwa dola 25 wakati chipu za washindani zilikuwa za mamia ya dola. Ina transista zipatazo 3,500 tu. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ni baiti 2,048, na kumbukumbu ya picha ni baiti 2,048 nyingine. Basi.

Twende kwenye hesabu. Skrini ina pikseli 256 kwa 240, jumla 61,440. Tukitaka kila pikseli ichague rangi moja kati ya nne, tunahitaji biti mbili kwa kila pikseli. Hiyo ni baiti 15,360 kwa skrini moja. Tuna 2,048. Haiingii hata kwa kusukumwa.

Suluhisho lao lilikuwa vigae. Badala ya kuhifadhi kila pikseli, walichora vipande vya pikseli 8 kwa 8, kila kimoja baiti 16, vikakaa kwenye kaseti. Skrini ni vigae 32 kwa upana na 30 kwa urefu, jumla 960. Kumbukumbu ya picha inahifadhi namba tu: hapa weka kigae namba 36, pale namba 180. Kwa hiyo baiti 960 za vigae na baiti 64 za rangi, jumla 1,024. Tumetoka 15,360 hadi 1,024, na nafasi inatosha skrini mbili, ndiyo maana Mario anaweza kukimbia na dunia ikasogea bila kukatika.

Halafu angalia mawingu na vichaka vya Mario. Ni mchoro uleule! Wingu limepakwa nyeupe, kichaka kimepakwa kijani. Watu wamecheza miaka mingi bila kuona. Siku nilipowaonyesha wenzangu wa chumbani, mmoja alinyamaza kidogo, kisha akasema mwalimu wetu wa miundo ya data angeanza na hili tungeelewa siku ya kwanza. Nakubaliana naye. Tunafundishwa kubana data kwa maneno mengi, wakati mfano wake umo kwenye kitu tulichokicheza tukiwa na miaka saba.

Muda nao ulikuwa wa kubana. Prosesa ile inapiga mizunguko milioni 1.79 kwa sekunde, na picha inabadilika mara 60 kwa sekunde. Gawanya: una mizunguko chini ya 30,000 kwa kila picha, na amri moja inakula mizunguko miwili hadi saba. Ndani ya hiyo lazima usome pedi, usogeze maadui, uangalie nani kamgonga nani, upige muziki. Ukizidisha, gemu inakwama mbele ya macho ya mchezaji. Leo tunaandika programu zinazokula gigabaiti kuonyesha orodha ya majina, tukiona inakwama tunasema simu ni mbovu.

Makosa yaliyobaki kuwa mafunzo

Kuna mifano miwili ambayo huwa naitoa kwa kila anayeniuliza hobi hii inafundisha nini.

Wa kwanza ni Space Invaders, ya Tomohiro Nishikado, mwaka 1978. Ukicheza utaona kwamba kadiri unavyowaua wavamizi, waliobaki wanaongeza kasi, mpaka yule wa mwisho anakimbia kama mwizi aliyeitiwa watu. Mwanzo haikupangwa hivyo. Prosesa ilikuwa dhaifu. Kuchora wavamizi wengi kuliichelewesha, wakipungua inapata nafuu na mambo yanakwenda haraka. Nishikado aliona jambo hilo linaongeza presha kwa mchezaji, akaliacha. Udhaifu wa mashine ukawa utamu wa mchezo.

Wa pili ni Pac-Man, ya Toru Iwatani, mwaka 1980. Namba ya hatua inahifadhiwa kwenye baiti moja. Baiti moja ina biti nane, na biti nane zinahesabu kutoka 0 hadi 255 tu. Mchezaji hodari akifika hatua ya 256, hesabu inarudi sifuri, na ile sehemu ya programu inayochora matunda chini ya skrini inachanganyikiwa: inajaribu kuchora matunda 256. Nusu ya kulia ya skrini inajaa herufi na takataka, na hatua haimaliziki. Huo ndio mfuriko wa namba ambao tunausoma kwenye kitabu kwa aya mbili na kuusahau baada ya UE. Ukishauona kwa macho, husahau.

Na sasa ukiona katika The Legend of Zelda kwamba mfuko wako wa fedha unagoma kupita 255, hutahitaji mtu akueleze sababu.

Bunduki ya bata na TV ya chogo

Wengi mnaikumbuka bunduki ya Duck Hunt. Watoto tuliamini inatoa risasi isiyoonekana kwenda kwenye TV. Ukweli ni kinyume: bunduki haitoi kitu, inapokea. Ndani yake kuna kihisi cha mwanga. Ukivuta kifyatulio, skrini yote inakuwa nyeusi kwa muda mfupi mno, kisha mahali alipo bata panawekwa kisanduku cheupe. Bunduki ikiona giza halafu mwanga, umelenga. Ikiona giza tupu, umekosa. Bata wakiwa wawili, visanduku vinawaka kimoja baada ya kingine, na mashine inajua umempiga nani kwa kuangalia mwanga ulifika wakati gani.

Hapa ndipo TV ya chogo inapokuwa na thamani. TV hiyo inachora picha papo hapo kadiri mawimbi yanavyofika. TV bapa za leo zinaipokea picha, zinaichakata, kisha ndiyo zinaionyesha, na huo ucheleweshaji mdogo unaivuruga bunduki kabisa. Kwa hiyo bunduki ile haifanyi kazi kwenye TV mpya, hata uisogeze mpaka iguse kioo. Tulipohama kutoka analojia kwenda dijitali, kuanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, watu walinunua ving'amuzi na chogo zikaendelea kidogo. Leo zinatupwa jalalani. Mimi yangu nimeipata kwa jirani aliyekuwa anaitumia kama stuli ya kuwekea ndoo ya maji.

Tahadhari moja, na hii siyo utani: usifungue TV ya chogo. Ndani ya bomba lake kuna umeme unaoweza kupita volti 20,000, na chaji inabaki hata ukiwa umechomoa kwenye soketi. Ikiharibika, mpelekee fundi wa TV. Wapo bado, na mkono wao una kumbukumbu kuliko kitabu chochote.

Jinsi ya kuanza

Niseme wazi: usichukue bumu ukaenda kununua mashine ya mkusanyaji wa Ulaya. Bei za huko zimepanda na usafirishaji utakuua. Anza na vilivyopo karibu.

Kwanza, uliza nyumbani. Kabati za shangazi na makabati ya juu ya milango yana vitu. Kisha zungukia mafundi redio na wauza mitumba ya vifaa vya umeme. Omba kujaribu kabla ya kulipa. Angalia waya zake za AV: njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti, na mashine nyingi za kunakili zina njano na nyeupe tu.

Pili, adapta. Kabla hujachomeka chochote, soma volti iliyoandikwa kwenye mashine na ile ya adapta, na uangalie upande gani ni chanya na upi hasi kwenye ncha. Adapta inayoingia si lazima iwe inayofaa. Mita ya kupimia umeme ndiyo kifaa cha kwanza cha kununua, hata kabla ya kaseti.

Tatu, kusafisha. Sote tulikuwa tunapuliza kaseti. Tulidhani pumzi inaondoa vumbi. Kilichosaidia ni kule kuichomoa na kuirudisha, kwa sababu vidole vya shaba vinapata kugusana upya. Pumzi yenyewe inaacha unyevu, na unyevu unaleta kutu. Chukua pamba ya masikio, ichovye kwenye spiriti safi, sugua taratibu vidole vya kaseti, acha ikauke kabisa. Pamba itatoka nyeusi. Rudia mpaka itoke nyeupe.

Nne, jua vinavyozeeka. Kapasita, zile kopo ndogo zinazotunza chaji, huvimba au kuvuja baada ya miongo. Baadhi ya kaseti zina betri ndogo ya kutunza ulipofikia. Kaseti ya Zelda iliyouzwa Marekani mwaka 1987 ni mojawapo. Betri ikifa, mchezo wako unafutika kila ukizima. Vyote hivi vinabadilishika kwa kulehemu, na kulehemu ni ujuzi utakaokulisha hata ukikosa ajira uliyosomea. Jifunze kwanza kwenye redio iliyokufa, siyo kwenye mashine unayoipenda.

Tano, ijue kasi ya mashine yako. Marekani na Japani TV zao zilikwenda picha 60 kwa sekunde. Sisi tunaofuata mfumo wa PAL ni 50. Gemu iliyoandikiwa 60, ikichezwa bila marekebisho kwenye 50, inapungua kasi kwa moja ya sita, muziki pia. Kama ulikua ukiisikia Mario polepole halafu ukaja kuisikia kwenye mtandao inakimbia, masikio yako hayana tatizo.

Kama huna mashine

Hapo ndipo emuleta inapoingia. Ni programu inayoifanya kompyuta yako, au hata simu, ijifanye mashine ya zamani. FCEUX ni ya NES na VICE ni ya Commodore 64, zote bure. Nazipenda kwa sababu FCEUX inakuruhusu kuisimamisha gemu katikati na kuona kila baiti ya kumbukumbu ikibadilika. Unaruka, na namba ya urefu wa Mario inapanda na kushuka mbele yako. Kuna pia cc65, programu ya bure ya kuandika C kwa ajili ya prosesa ya 6502, kwa hiyo unaweza kutengeneza gemu yako mwenyewe.

Sheria nayo tusiikwepe. Kutengeneza emuleta si kosa kwa lenyewe. Marekani mahakama ya rufani ililiamua hilo mwaka 2000 katika kesi kati ya Sony na Connectix. Lakini gemu yenyewe ni mali ya mwenye hakimiliki, na hapa kwetu ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Kuuza nakala za gemu za watu ni kosa. Zipo gemu mpya zinazoandikwa leo na wapenzi wa mashine hizi na kutolewa bure. Anza na hizo.

Kuna nini cha kupoteza?

Rafiki yangu mmoja wa sheria aliniuliza: sawa, ni burudani, ila kwa nini jamii ijali? Nilimjibu kwa takwimu moja. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilitoa utafiti ukionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotolewa nchini humo kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni. Na mwaka 2024 ofisi ya hakimiliki ya huko ilikataa ombi la kuruhusu maktaba kuwapa watafiti gemu hizo kwa njia ya mtandao. Hiyo ni nchi yenye makumbusho, fedha na wanasheria.

Sasa tazama kwetu. Kwanza mashine. Karibu kila chuo na kila ofisi kuna stoo yenye kompyuta za zamani zilizobandikwa karatasi kwamba hazitumiki, zinasubiri mnada au jalala. Ndani yake kuna madini yenye sumu kama risasi, na kuna historia ya namna nchi iliyowahi kuzuia kompyuta ilivyozipokea. Sisemi tuzihifadhi zote. Nasema rafu moja tu: mashine moja ya kila zama, inayowaka, yenye kijikaratasi cha maelezo.

Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, watu. Nani ameandika kuhusu vibanda vya gemu? Kulikuwa na uchumi mle: malipo kwa mechi au kwa dakika, mwenye kibanda akiwa na saa ya ukutani na daftari. Kulikuwa na sheria: aliyefungwa anapisha, anayevunja pedi analipa. Kulikuwa na lugha: kila mtaa na majina yake ya gemu, kwa sababu majina ya Kijapani na Kiingereza hatukuyasoma. Kulikuwa na vita na wazazi, waliokuja na fimbo hadi mlangoni. Na kulikuwa na ubaguzi ambao hatuusemi. Dada yangu alikuwa ananishinda Battle City nyumbani kila siku, ila kibandani hakuruhusiwa kukanyaga, kwa sababu mtoto wa kike hakai kule. Leo ukimuuliza kuhusu gemu anasema ni mambo ya wavulana. Hakuzaliwa na jibu hilo.

Mwaka jana wakati wa likizo nilianza kuwahoji waliokuwa na vibanda mtaani kwetu. Nimewapata watano. Mmoja sasa anauza chipsi, mwingine ni wakala wa fedha kwa simu. Wote walishangaa kwamba mtu wa chuo anataka kusikia hayo. Mmoja wao, mzee wa makamo, alinieleza kwa kirefu jinsi alivyokuwa akirekebisha pedi kwa mpira uliokatwa kutoka kwenye ndala, na jinsi alivyowalipia watoto wawili ada ya sekondari kwa sarafu za gemu. Wa sita niliyemtafuta, nilikuta amefariki miezi miwili kabla. Mashine zake familia iliziuza kwa kilo, kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kazi ya kufanya

Makala ya somo bila zoezi haijakamilika, kwa hiyo haya ni yenu.

1. Zelda haipiti 255. Ukitumia baiti mbili badala ya moja, mwisho ungekuwa ngapi? Na kwa nini unadhani waandishi hawakufanya hivyo?

2. Super Mario Bros. ina kilobaiti 8 za picha, kila kigae baiti 16. Ina vigae vingapi? Chora kwenye karatasi ya miraba kigae kimoja cha 8 kwa 8 kwa rangi nne, uone ugumu wake.

3. Kwa wa sosholojia, historia na Kiswahili: mhoji mtu mmoja aliyemiliki au aliyeshinda kwenye kibanda cha gemu. Rekodi kwa simu, kwa ruhusa yake. Muulize bei, sheria za kibanda, majina ya gemu, na nani hakuruhusiwa kuingia.

4. Kwa uongozi wa umoja wetu wa wanafunzi: ombeni rafu moja kutoka stoo ya chuo kabla ya mnada ujao. Kuzisafisha na kuziwasha nitajitolea, na nina wenzangu wawili tayari.

Jibu la swali la pili ni vigae 512. Hayo mengine hayana jibu nyuma ya kitabu. La tatu lifanyeni mapema, maana wenye majibu wanazeeka kuliko mashine.